Dada Kwenye Kapani

Nilikuwa mpimaji wa mizani forodhani Mombasa kwa miaka kumi na mitatu, na kazi ile nilikuwa nayo kiburi ambacho leo nakionea haya. Kapani yetu ilikuwa mizani kubwa ya kutundika: mkono mrefu wa chuma wenye alama, ndoana ya kushikia gunia upande mmoja, na jiwe la kusogezwa upande wa pili mpaka mkono ukae sawa. Nilikuwa nikilitazama gunia begani mwa hamali tangu mlangoni, nikakisia uzito wake kabla halijafika kwenye ndoana, na mara nyingi sikukosea zaidi ya ratili mbili. Wenzangu walikuwa wakinicheka kwamba hata wakwe zangu nitawapima kwa jicho kabla sijawaamkia.

Lakini sifa yangu hasa ilikuwa kidole gumba. Baadhi ya walioleta mbata, ile nazi iliyokaushwa, walikuwa na hila ya kuinyunyizia maji kabla ya kufunga gunia ili lilemee. Mizani haijui maji. Itakwambia frasila tatu, na frasila tatu kweli zimo, ila sehemu yake itakaukia ghalani ibaki harufu. Basi nilikuwa nikitia mkono ndani ya gunia, chini kabisa, nikatoa kipande na kukibonyeza. Mbata kavu hukatika. Iliyonyweshwa maji hubonyea, na alama ya kidole hubaki pale pale. Nimewarudisha watu wazima wenye ndevu zao na magunia yao, wakinilaani njia nzima, nami nikicheka.

Nayasema haya mwanzo ili ajue anayesoma kwamba sikuwa mjinga wa jambo hili. Ningekuwa mjinga ningejisamehe mapema.

Dadangu alinizidi miaka kumi na miwili. Mama alifariki mimi nikiwa wa miaka minne, na yeye ndiye aliyenilisha, akaniogesha, akanishika mkono kunipeleka chuoni kusoma Kurani na kunipiga nilipotoroka. Aliolewa, mumewe akafa kabla hawajapata mtoto, akarudi nyumbani kwetu Kibokoni, orofani, kukaa nami. Alikuwa akishona kofia za viua, na dirisha la kusini lilikuwa lake. Hapo hapakaliwi na mtu mwingine. Mimi nilikuwa sijaoa. Alikuwa akinitafutia mke kwa bidii, na kila aliyempata akamtia kasoro yeye mwenyewe: huyu mvivu, huyu ana mdomo, huyu babake mchoyo. Nilimwambia kwa mwendo huo nitazikwa kapera, akaniambia niende zangu kazini.

Mwaka mmoja, reli ikiwa imeshafika ziwani na mji umejaa wageni wa bara, homa ilimshika ikamkalia miezi mitatu. Ilipomwachia ilimwacha mifupa. Pete yake ya fedha, aliyoachiwa na mama, ilikuwa ikimtoka kidoleni akishona, mpaka akaizungushia uzi kwa ndani ili ikae.

Katika mji wetu mtu akikutana nawe hakuulizi hali akangoja jibu. Anautazama mwili wako kisha yeye ndiye anakupa habari zako. Ukinenepa, mambo yako mazuri na nyumba yako ina amani. Ukikonda, una jambo, na aliye karibu nawe ndiye mwenye makosa. Bibi wa nyumba ya pili alipanda ngazi kuja kumtazama mgonjwa, akasimama mlangoni akajishika kiuno.

"Hee! Mbona umekwisha hivi, mwanangu? Huyu nduguyo hula peke yake?"

Dada alicheka. Mimi sikucheka. Nilichomwa kweli kweli, maana nilikuwa nikimletea kila kitu naye hali kitu, na usiku kucha nilikuwa nikiogopa kwamba atakufa na wataniambia nilimnyima. Niseme ukweli: hofu zote mbili nilikuwa nazo, ya kumkosa na ya kusemwa, na sijui siku ile ipi ilikuwa kubwa.

Nikaenda kwa kompaunda. Alikuwa Mgoa mfupi mwenye miwani, mtu wa kanisa, mwenye duka la dawa njia ya kwenda forodhani. Nilimwambia dada amekonda. Akaweka kalamu chini.

"Karani, wewe ni mtu wa mizani, usinambie amekonda. Amekonda kuliko nani? Ana uzito gani, na urefu gani?"

Nikamwambia mwanadamu si gunia. Akasema hilo analijua, lakini yapo mambo ambayo macho hudanganyika nayo, hasa macho ya ndugu. Akachukua karatasi. Uzito peke yake, alisema, hausemi kitu: kilo hamsini kwa mtu mrefu ni njaa, kwa mfupi ni shibe. Kwa hiyo uzito huwekwa mbele ya urefu. Uchukue uzito kwa kilo, uugawanye kwa urefu wa mita, kisha jibu ulilopata uligawanye tena kwa urefu ule ule.

"Mbona mara mbili?" nikauliza.

"Kwa sababu mtu akizidi urefu, huzidi na upana. Ukigawanya mara moja tu, warefu wote utawaona wanene."

Jibu la mtu mzima, alisema, likiwa chini ya kumi na nane na nusu hivi, mwili umepungua. Toka hapo hadi ishirini na tano ni sawa. Likipita hapo amezidi, na likipita thelathini amezidi sana. Akaniinulia kidole: hesabu hiyo ni ya watu wazima, mtoto asitiwe humo, wala mwenye mimba. Aliisoma katika kitabu cha Ulaya na aliipenda waziwazi, akaninakilia kwenye karatasi kwa herufi nzurinzuri.

Nami nikaipenda papo hapo. Frasila moja, yaani ratili thelathini na tano, ni kilo kumi na sita kasoro kidogo, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi kwangu. Siku ile ile nilimwambia hamali wetu mkubwa ajining'inize kwenye ndoana ya kapani kwa mikono miwili. Frasila nne na ratili kumi na tisa, ndizo kilo sabini na mbili. Urefu wake mita moja na sentimita sitini. Gawanya, gawanya tena: ishirini na nane. Nilirudi kwa kompaunda nikicheka kwamba hesabu yake imemwita hamali mnene, mtu asiye na mafuta hata ya kukaangia yai moja.

Hakucheka. "Ile ni nyama ya kazi," alisema. "Hesabu inajua uzito na urefu, basi. Kilichomo ndani haikijui. Kilichomo ukitazame kwa macho yako na mikono yako."

Nikamwambia ndiyo, ndiyo, nimeelewa.

Nyumbani nilianza na urefu. Nilimwambia dada alale chali juu ya mkeka nimpime kwa uzi. Akanitazama, akaweka kofia pembeni.

"Nilale? Wanipimia kaburi, ndugu yangu, na roho ingalimo?"

Sikuwa nimefikiria. Kwetu anayepimwa urefu amelala ni maiti, ili wachimbaji wajue wachimbe kiasi gani. Aliye hai huulizwa tu umri na ukoo wake. Niliomba radhi. Alikubali kupimwa amesimama, mgongo kwenye mwimo wa mlango. Nilimwekea sinia ya kahawa kichwani ikae sawa, nikavuta uzi wake wa kofia kutoka sakafuni hadi chini ya sinia, nikaupiga fundo. Kesho yake niliulaza uzi juu ya utepe wa kompaunda: mita moja na nusu kamili, bila kuzidi wala kupungua. Nilifurahi kwa sababu ni namba rahisi kugawanya.

Uzito ulikuwa na kazi. Mwanamke wa heshima hawezi kwenda forodhani kuning'inia mbele ya mahamali, kwa hiyo niliomba kapani ndogo, nikaileta nyumbani ndani ya gunia, nikaitundika kwenye boriti. Lakini akae wapi? Tulikuwa na pembea chumbani, ubao wenye minyororo ambao mama alikuwa akitubembezea. Niliutoa kwenye kulabu zake nikautundika kwenye ndoana ya kapani. Kwanza niliupima ubao mtupu ili niutoe baadaye, kama tunavyotoa uzito wa gunia. Kisha akapanda, akajifunga buibui vizuri, akashika minyororo.

"Nipime vyema," akasema, "usinipunje. Mimi si mbata."

Alipoinua miguu pembea ikazunguka kidogo, akapiga kelele, akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu homa. Frasila mbili na ratili kumi na nne: kilo thelathini na nane. Gawanya kwa moja na nusu, gawanya tena: kumi na saba kasoro kidogo. Niliandika kwa chaki kwenye ubavu wa mlango, na nikaapa kimoyomoyo kwamba namba ile nitaipandisha.

Nilimlisha. Sijui neno jingine. Maziwa asubuhi, uji wa ngano wenye samli, mchuzi wa kuku, supu ya miguu ya mbuzi yenye chumvi nzito kwa kuwa nyepesi hakuitaka, na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, kwa sababu hicho peke yake alikiomba mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya sala nilimpandisha kwenye pembea. Wiki za mwanzo namba haikusogea, nami nikawa mkali, nikimhesabia matonge. Kisha ikaanza kwenda. Kumi na saba na nusu. Kumi na nane. Wiki mbili baadaye, kumi na tisa. Kila namba niliiandika juu ya mwenzake, mlango ukapanda chaki.

Bibi wa nyumba ya pili akaja tena, akajishika kiuno vile vile.

"Mashallah! Tazama shavu lilivyorudi! Tia ubani, tia ubani, mato ya watu mabaya."

Tukatia ubani. Dada akautoa ule uzi kwenye pete, kwa kuwa sasa ilikaa yenyewe, akanionyesha mkono wake akiugeuzageuza. Bibi akasema sasa mimi naweza kwenda kuposa. Dada akasema hapana, haendi mtu mwingine. Akishapata nguvu ya kushuka ngazi, atakwenda mwenyewe kuniposea, na safari hii hatatia kasoro mtu.

Ijumaa moja kapani ilisimama kwenye frasila mbili na ratili ishirini na tisa, ubao umeshatolewa. Kilo arubaini na tano. Thelathini, ishirini. Ishirini kamili. Nilimkimbilia kompaunda dukani nikamwambia ishirini, akanipa mkono wake na peremende za mgonjwa.

Sasa nitasema lililo gumu. Dada alinambia. Alinambia si mara moja. Alinambia ngazi zimemshinda, akipanda tatu moyo unampiga. Alinambia usiku hulala ameegemea mito, na asubuhi ile ya baada ya ishirini, nilipokuwa navaa kanzu kwenda kazini, alinambia tena.

"Mwili huu si wangu, ndugu yangu. Ni mzito kama ulioazimwa. Na nikilaza kitwa tini naona kana kwamba nazama."

Nami nilimjibu nini? Nilimwonyesha mlango. "Ishirini, dada! Kompaunda mwenyewe asema ni sawasawa. Wataka nini zaidi?" Kisha nikaongeza kwamba baadhi ya watu huzoea ugonjwa wakauonea huruma kuuacha. Nilimwambia maneno hayo mtu aliyenilea. Akaokota kofia yake akashona, na mimi nikashuka ngazi nikiwa nimeudhika kwa kutoshukuriwa.

Siku ile forodhani ililetwa shehena ya mbata. Niliingiza mkono katika gunia la tatu, nikatoa kipande, nikakibonyeza. Kikabonyea. Nikamwonyesha mwenye gunia, mzee mmoja mpole, alama ya kidole changu.

"Lakini uzito wake ni huo huo, karani," akalalamika. "Si umeuona kwa mato yako?"

Nilimjibu kwa jeuri, neno nililozoea kuwajibu wote: uzito si mali, uzito ni uzito tu. Nikamrudishia gunia. Kisha nikabaki nimesimama, kile kipande cha mbata kingali mkononi. Sikuaga mtu. Nilitembea mpaka Kibokoni kwa haraka ambayo watu waligeuka kuitazama.

Dada alikuwa dirishani, miguu ameinyoosha mkekani. Alikuwa amevua mitalawanda, viatu vyake vya mbao, na ukanda wa mtalawanda ulikuwa umeacha mfereji juu ya mguu wake. Mfereji ule nilikuwa nimeuona wiki nzima. Nilipiga magoti, nikaushika muundi wake, pale mfupa ulipo karibu na ngozi, nikabonyeza kwa kidole gumba, nikahesabu mpaka tano, nikaachia.

Shimo likabaki.

Tulilitazama wote wawili. Halikujaa. Yeye ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mai."

Kompaunda alikuja jioni ile ile, akasikiliza kifua chake kwa muda mrefu, akambonyeza miguu, tumbo, na mgongo chini. Kisha akanitoa nje ukumbini. Homa ilimwachia moyo dhaifu, alisema, na moyo ukishindwa kazi, maji hukaa mwilini. Akaniuliza anakula nini. Nilipotaja chumvi ya supu na ng'onda akafumba macho kidogo. Akauliza maji yale yameanza lini, nami sikujua. Akanyanyua taa akaisoma ile chaki mlangoni, kutoka chini kwenda juu, akaweka kidole pale namba zilipoanza kupanda kwa haraka.

"Hapa," alisema. "Toka hapa si mwili tena."

Alinipa mkono wake, akasema: "Nami ni mwenye makosa. Nilikupa namba nikasahau kukuuliza hali ya mgonjwa." Ulikuwa uungwana wake kusema hivyo, lakini mimi namkumbuka amekaa dukani akiniambia kwamba hesabu haijui kilichomo ndani, na namkumbuka mtu aliyejibu ndiyo, ndiyo.

Alimtilia matone ya kuutia moyo nguvu na kuyatoa maji kwa mkojo, akakataza chumvi yote. Dawa ilifanya kazi. Siku nane maji yalimtoka, uvimbe ukashuka miguuni, usoni, mikononi, akaweza kulala kichwa chini na akanishukuru kwa usingizi. Ijumaa akanambia nitundike pembea. Sikutaka. Akasema yeye anataka kujua ni kiasi gani kilichokuwa chake.

Nilimbeba kumweka juu ya ubao, kwa hiyo nilijua kabla ya mizani. Frasila mbili na ratili saba. Kilo thelathini na tano. Kumi na tano na nusu. Alikuwa amepungua kuliko siku ile ya kwanza alipocheka mpaka akakohoa. Wiki zote zile nilizokuwa nikishangilia, chini ya maji yale dadangu alikuwa akikonda, peke yake, ndani ya nyumba yangu, nami nikimwonyesha mlango.

"Ngapi?" akauliza.

Nikasema kumi na tisa.

Akanitazama. Alikuwa akiujua uso wangu tangu wa miaka minne. "Basi vyema," akasema. "Nishushe." Akaichukua pete, iliyokuwa imeanguka mkekani, akatafuta uzi akaizungushia tena, pole pole, kwa ndani. Akanambia yule msichana wa mwisho aliyemtia kasoro ya mdomo, kwa kweli hakuwa na mdomo. Ni yeye dada aliyekuwa hataki kukaa peke yake. Akaniomba nimwie radhi. Nikamwangukia miguuni nikalia, naye akanipapasa kichwa kama alivyokuwa akifanya nilipopigwa chuoni.

Alifariki siku kumi na moja baadaye, baada ya sala ya alasiri, ameegemea mito yake upande wa dirisha la kusini.

Asubuhi ya maziko nyumba ilijaa. Bibi wa nyumba ya pili na wenziwe walikuwa ndani naye, wakimwosha. Mimi nilikuwa ukumbini na wanaume, nimekaa chini ya zile namba ambazo hakuna aliyethubutu kuniuliza ni za nini. Mtu akapanda ngazi kutoka makaburini. Wachimbaji walitaka kipimo cha marehemu. Je, wanawake wampime sasa kabla hajavishwa sanda?

Nikasema wasimsumbue. Nikatia mkono mfukoni mwa kanzu nikautoa ule uzi wa kofia, wenye fundo, nikampa. Aliuliza kama nina hakika nao.

Nilimwambia ninayo. Kipimo kile kimoja sikukikosea.